Uvira: Reli tatu za Ziwa Tanganyika, moja haipandiki tena

Kuna watu wanaojiwekea lengo la kupanda kila treni ya abiria ya eneo lao, njia moja baada ya nyingine, mpaka wazimalize. Mkaaji wa Kimanga, mjini Uvira, akitaka kufanya hivyo kwenye Ziwa Tanganyika, hesabu ni fupi: reli zilizofika ziwani ni tatu.

Ya kwanza iko Kigoma, Tanzania. Wajerumani waliifikisha huko mwaka wa 1914, na hadi leo abiria huipanda kuelekea Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1.200. Ya pili iko Kalemie. Wabelgiji waliimaliza mwaka wa 1915, na inakwenda Kabalo, kilomita 273. Huko msafiri ajiandae kungoja, kwani treni ya SNCC haina siku ya uhakika.

Ya tatu ndiyo ya karibu zaidi, na ndiyo isiyowezekana. Reli ya Kivu ilitoka bandari ya Kalundu, ikapita bonde la Ruzizi hadi Kamanyola. Ilifungwa kabla ya uhuru wa 1960. Leo watu huenda Kamanyola kwa gari na pikipiki.

Tumaini liko mashariki. Mwaka wa 2025, Tanzania na Burundi zilizindua ujenzi wa reli ya Uvinza hadi Musongati, na mpango wa baadaye unataja kuifikisha Uvira na Kindu. Mpaka siku hiyo, mtu wa Uvira anayetaka kupanda treni kwanza atafute boti.