Kanda ya Babu na Mwanga Unaosoma Sumaku

Likizo iliyopita, nyumbani Manyoni, nilitoa kanda ya kaseti kwenye sanduku la bibi. Ndani yake kuna sauti ya babu akisimulia miaka yake ya kazi relini. Nikaitia kwenye redio, redio ikaila! Nikaichomoa imekunjamana, nikaizungusha kwa kalamu. Bibi hakusema neno. Nikabaki na swali: sauti imekufa, au redio tu ndiyo imeshindwa kuisoma?

Wana-fizikia wenzangu, sauti bado ipo. Kanda ni plastiki iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma kwa gundi. Ukirekodi, chembe za unga huo zinakuwa sumaku zinazoelekea huku au kule kufuata sauti. Redio inazisoma kwa kuisugua kanda kwenye kichwa chake. Gundi ikizeeka, huko kusuguana ndiko kunakoimaliza kanda.

Mwanga hausugui kitu. Unatikisika, na kichujio kinaweza kuuacha utikisike upande mmoja tu. Jaribu: zungusha miwani ya jua ya polaroidi mbele ya skrini ya laptopu, utaona skrini inazima na kuwaka. Mwaka 1877 John Kerr wa Uskoti aligundua kwamba mwanga wa namna hiyo ukiakisiwa na sumaku, mtikisiko wake unageuka kidogo. Upande unaogeukia unategemea sumaku imeelekea wapi. Ndivyo MiniDisc za kurekodia za Sony, zilizotoka 1992, zilivyosomwa kwa leza.

Kwa kanda mbovu, wataalamu wamekwenda mbali zaidi. Kule Uswisi, kwenye Taasisi ya Paul Scherrer, Sebastian Gliga na wenzake wanatumia eksirei, ambazo nazo ni mwanga. Chembe zinazimeza zaidi au pungufu kufuatana na mwelekeo wa sumaku. Wameichagua kanda ya B.B. King ya tamasha la Montreux, 1980, iliyochakaa kiasi kwamba kuipiga ni kuiharibu.

Mashine hiyo haiji Manyoni kesho, najua. Lakini darasani tunafundisha mwanga peke yake na sumaku peke yake, kana kwamba havijuani. Nikienda BTP nitaanza na kanda ya babu.

Na wewe, kanda za nyumbani usizitupe. Ziweke mbali na spika, jua na vumbi. Zinazopigika bado, zirekodi kwenye simu leo. Ya babu nimeirudisha sandukuni. Nimemwambia bibi, "Bado yumo humu."