Santuri Zarudi, Jasho la Nani?

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba santuri imekwisha kuzikwa. Kwanza kanda za kaseti ziliipiga kumbo. Kisha mwaka wa 1982 kikatoka kile kisahani kidogo kisomwacho kwa mwali wa mwanga, ambacho watu hukiita sidii, na viwanda vya santuri vikafunga milango kimoja baada ya kimoja. Sidii nayo haikukaa sana katika enzi, maana ulikuja muziki wa simu usio na umbo wala uzito. Basi si ajabu kwamba wengi walistaajabu hesabu za biashara ya muziki za Marekani za mwaka wa 2022 zilipotolewa. Katika mwaka huo ziliuzwa nchini humo santuri milioni 41, hali sidii zilizouzwa zilikuwa milioni 33. Tangu mwaka wa 1987 santuri haikuwa imepata kuishinda sidii kwa idadi. Uingereza nayo ilinunua karibu santuri milioni 6 katika mwaka wa 2023.

Wanunuzi hao si wazee tu wanaokumbuka ujana wao. Wengi ni vijana waliozaliwa baada ya santuri kutoweka madukani. Wamepata nini ndani yake?

Wako wasemao kuwa sauti ya santuri ni bora kuliko sauti nyingine zote. Hatukubaliani nao sana. Sidii iliyotengenezwa vizuri ina sauti safi, haina mikwaruzo, wala vumbi haliidhuru kama lidhuruvyo santuri. Ule ujotojoto wa sauti wanaousifu mara nyingi hutokana na kasoro za chombo chenyewe, nasi twaamini mtu aweza kuipenda kasoro bila ya kuiita ukamilifu. Sababu iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni namna ya kusikiliza. Msikilizaji wa simu husikiliza huku akiosha vyombo, akipanda basi, akisoma barua. Nyimbo humpita kama maji ya mfereji. Mwenye santuri hana budi kuchagua moja, kuitoa katika jalada lake, kuifuta vumbi, kuiteremshia sindano, na kukaa. Baada ya dakika ishirini na kitu lazima ainuke aigeuze. Katika upande mmoja mna mfuo mmoja tu, unaojizungusha kutoka ukingoni mpaka karibu na kati, na lau ungeweza kuunyosha mfuo wa santuri kubwa ya dakika 22 ungepata urefu wa karibu nusu kilomita. Sindano huutembea mwendo wote huo ikitikiswa na kuta zake, na mtikisiko huo ndio unaokuzwa ukawa sauti ya mwimbaji.

Hata hivyo tusiwasifu mno vijana hao. Uchunguzi wa shirika la Luminate uliotangazwa mwaka wa 2023 ulionyesha kuwa, kati ya watu walionunua santuri Marekani, nusu tu walikuwa na chombo cha kuipigia. Nusu ya pili, ikiwa twaielewa vyema, huzitundika ukutani.

Yamkini msomaji atasema kwamba mambo haya ni ya matajiri wa Ulaya na Marekani. Sivyo. Santuri ni sehemu ya historia ya muziki wetu. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti zao zitiwe katika santuri. Hizo zilikuwa zile nzito za kale, za kuzunguka mara 78 kwa dakika, zilizotengenezwa kwa lakiri itokanayo na vidudu. Ukiiangusha moja huvunjika kama kigae. Santuri za plastiki, nyepesi na zenye muda mrefu zaidi, zilitoka Marekani mwaka wa 1948 na 1949, na ndizo zilizoujaza muziki wa dansi wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya sitini na sabini.

Makao ya kazi hiyo yalikuwa Nairobi. Bendi za Tanzania zilipigia muziki wao katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zilibaki humo kwa matumizi ya redio. Bendi iliyotaka santuri ya kuuza ilifunga safari kwenda Kenya. Ndivyo alivyofanya Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walikwenda wakahamia huko huko, na ndiko walikounda Simba Wanyika. Santuri iliyopendwa ilikuwa ndogo, ya mara 45, ambayo upande wake mmoja hauchukui wimbo mrefu. Kwa hiyo nyimbo zilikatwa vipande viwili: upande wa kwanza waimbaji walieleza kisa chao, na ulipogeuza santuri ukakuta magitaa yamekwisha kuchemka na watu wamesimama kucheza. Wapenzi wa dansi waliupata ustadi wa kugeuza upesi kabla mchezaji hajakaa kitini.

Sasa santuri ndogo hizo zatafutwa. Katika soko la Kenyatta, Nairobi, ziko kibandani zinauzwa, na wanunuzi hutoka mbali. Kampuni za ng'ambo nazo zinakusanya nyimbo za zamani na kuzichapa upya. Mathalani Soundway ya Uingereza ilitoa mwaka wa 2013 mkusanyo uitwao Kenya Special, wenye nyimbo za Afrika ya Mashariki za miaka ya sabini na themanini. Mara nyingi kanda za asili zimepotea au zimeoza, na hapo mchapaji hana njia ila kutafuta santuri moja isiyochubuka na kuinakili sauti yake. Nakala moja iliyohifadhiwa chini ya kitanda cha mtu huweza kuwa mama wa nakala elfu.

Hapa ndipo penye neno letu. Santuri ile kitandani ilinunuliwa kwa shilingi chache, nayo nakala mpya yauzwa ng'ambo kwa dola ishirini na zaidi. Nani hulipwa? Wako wachapaji waaminifu wanaowatafuta wapigaji wa zamani au warithi wao na kutia saini mikataba. Wako pia wasiofanya hivyo. Na wapigaji wetu hawakujifunza kudai, kwa kuwa wengi walilipwa mara moja tu siku ya kurekodi, wakarudi kwao. Wengine walikuwa watu wa mshahara. NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka wa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, iliwaajiri wapigaji wake kama waajiriwavyo makarani. Wimbo aliotunga mfanyakazi wa namna hiyo usiku nyumbani kwake ni mali ya nani? Wafanyakazi wanaosoma ukurasa huu waweza kulifikiri swali hilo vizuri kuliko mawakili.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka wa 1999 ilimpa mtunzi haki katika maisha yake yote, na warithi wake kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi wa Januari, 1979. Kwa hesabu hiyo, haki ya tungo zake haimaliziki kabla ya mwisho wa mwaka wa 2029. Lakini mrithi asiye na ushahidi huenda mbele ya wakubwa na mikono mitupu, na mikataba ya zama hizo mingi haionekani.

Ushahidi mmoja wapo, na watu huutupa. Ni ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri. Mara nyingi imeandikwa jina la bendi, jina la mtunzi, jina la kampuni na namba ya santuri. Pengine namba nyingine imechorwa katika plastiki yenyewe, karibu na karatasi. Mtu mwenye santuri za baba yake, na atakaye kuziuza kwa mnunuzi aliyebisha hodi, heri kwanza apige picha pande zote mbili za kila moja, anakili namba zote katika daftari, na ampelekee mtunzi au watoto wake kama anawajua. Akipenda kuzihifadhi, azisimamishe wima, asizilaze moja juu ya nyingine, wala asiziache karibu na dirisha lipigwalo na jua la mchana.