Je, Wajua? Chesi ya Siku Nyingi, Kutoka Steji ya Kenol

Je, wajua kwamba unaweza kushindana na mchezaji wa Brazili au wa India ukiwa Kenol, bila kupanda matatu wala kufunga duka? Kenol ni makutano. Barabara inayotoka Thika hugawanyika hapo, moja ikielekea mjini Murang'a, nyingine ikipanda Sagana na Karatina hadi Marua, mlangoni mwa Nyeri. Wahudumu wa M-Pesa, waendesha bodaboda na wauza matunda wa makutano haya hawapati saa tatu mfululizo za kukaa kwenye meza ya chesi. Wanapata dakika tano mchana na kumi jioni. Chesi ya masafa, inayochezwa mtandaoni na ambamo mchezaji hupewa siku kadhaa za kuwaza kila hatua, inawafaa kuliko mashindano ya ukumbini Nairobi, yanayodai nauli na wikendi nzima.

Je, wajua saa yake inavyohesabu? Ukichagua siku 3 kwa hatua, una saa 72 za kujibu. Ukijibu baada ya dakika tano, muda uliobaki hauwekwi akiba; mpinzani akishacheza, unapewa siku 3 nyingine kamili. Wageni wengi hudhani mchezo wenyewe ni wa siku 3. La hasha. Mchezo wa hatua 40 kila upande, wote wawili wakitumia muda wao hadi mwisho, huchukua siku 240. Shirikisho la kimataifa la chesi ya masafa, ICCF, lililoanzishwa mwaka 1951, lina hesabu nyingine: kipimo chake kilichozoeleka kwenye mtandao ni hatua 10 kwa siku 50, na huko siku usizotumia unabaki nazo.

Je, wajua kwamba katika mashindano michezo yako yote ya raundi huanza siku moja? Hili ndilo linalowaangusha wanaoanza, kwa hiyo tulitazame vizuri. Tuseme umejiunga na mashindano ya mtandao wa chesi wa Chess.com, kundi lako lina watu 5, na kila mmoja anakutana na mwenzake mara mbili, mara moja kwa kete nyeupe na mara moja kwa nyeusi. Raundi ikifunguliwa tu, una michezo 8 mbele yako. Jiunge na mashindano mawili ya aina hiyo nawe una 16. Wiki ya kwanza ni tamu, kwa sababu hatua za mwanzo huenda haraka. Wiki ya nne, michezo yote imefika katikati, pale panapohitaji fikra nzito, na ndipo mtu huanza kurusha hatua ovyo ili amalize foleni. Wanaoongoza kundi husonga mbele, ila raundi inayofuata husubiri makundi yote yamalize. Mchezaji mmoja mzito wa kujibu anaweza kuwasubirisha wengine wote kwa miezi.

Ukichelewa hata dakika moja, umeshindwa, hata kama malkia wako yu hai na wa mpinzani amekwisha kuliwa. Zaidi ya hayo, Chess.com huweka asilimia ya michezo uliyopoteza kwa kuishiwa muda, na waandaaji wengi huitumia kuwakatalia wazembe. Ipo likizo unayoweza kuomba saa zako zisimame, lakini baadhi ya mashindano hayaikubali. Angalia hilo mapema, hasa kama unajua mitihani au msimu wa mavuno unakuja.

Je, wajua kwamba kufungua kitabu si udanganyifu? Katika chesi ya masafa unaruhusiwa kusoma vitabu vya ufunguzi, kupekua hazina ya michezo ya zamani, hata kusogeza kete kwenye ubao wa majaribio ndani ya simu kabla hujaamua. Ndiyo sababu naamini mchezo huu hufundisha zaidi kuliko ule wa dakika tatu: unapewa muda wa kujua kwa nini hatua ni nzuri.

Kompyuta je? Hapa sheria zinagongana, na mgeni asiposoma atafungiwa akaunti. Chess.com na mtandao mwingine wa chesi, Lichess, zinakataza kabisa programu inayokuonyesha hatua bora. ICCF inairuhusu. Matokeo yake, kwenye ngazi za juu za ICCF michezo mingi mno huisha sare, kwa kuwa kila upande una mashine isiyosahau kitu. Anayeanza akae upande unaokataza. Na msaada wa binadamu nao umekatazwa: usipige picha ubao wa mchezo unaoendelea ukaituma kwenye grupu ya WhatsApp kuuliza rafiki afanyeje. Subiri mchezo uishe, kisha jadilini usiku kucha.

Je, wajua kwamba kabla ya intaneti hatua ziliandikwa kwa tarakimu? Kila safu na kila mstari wa ubao ulipewa namba kuanzia 1 hadi 8, hivyo kitunda cha mfalme kikisogea nyumba mbili, kadi ilibeba 5254 tu. Mrusi na Mhispania walielewana bila lugha. Muda uliohesabiwa ulikuwa wa kufikiri peke yake, si wa kadi kusafiri. Lau ungekuwa wa kusafiri, kadi inayosubiri kuchukuliwa kwenye sanduku la posta Nyeri 10100 ingemshinda mtu bila kosa lake.

Edinburgh ya Uskoti na London zilichezeana kwa barua kuanzia 1824 hadi 1828. Edinburgh ilishinda, na ufunguzi ilioutumia unaitwa hadi leo ufunguzi wa Kiskoti.

Bingwa wa kwanza wa dunia wa chesi ya masafa alitoka Australia: Cecil Purdy, mwaka 1953. Olga Rubtsova wa Urusi ndiye mtu pekee aliyewahi kuwa bingwa wa dunia mezani na kwa masafa pia, katika mashindano ya wanawake. Hans Berliner wa Marekani, bingwa wa mwaka 1968, baadaye aliongoza utengenezaji wa HiTech, kompyuta ya chesi iliyotikisa miaka ya 1980.

Je, wajua kwamba nchi iliyokufa iliwahi kushinda medali? Ujerumani Mashariki ilitoweka mwaka 1990, lakini timu yake iliendelea kucheza olimpiadi ya barua iliyokuwa imekwisha kuanza, na mwaka 1995 ikapata shaba.

Mwaka 1999 bingwa wa chesi Garry Kasparov alicheza na dunia nzima kwenye intaneti, hatua moja kila saa 24, watu wakipiga kura kuchagua jibu. Zaidi ya watu 50,000 walishiriki, na Kasparov alishinda baada ya hatua 62.

Kuhusu bando, usihofu. Hatua ni herufi chache tu. Kinachokula data ni video. Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010, ni ya bure na haina matangazo. Hapo unapata mchezo mmoja mmoja wa masafa, wa siku 1 hadi 14 kwa hatua, na ni mahali pazuri pa kujizoeza kabla ya mashindano.

Basi, msomaji wa Kenol, Makuyu, Karatina au Nyeri: maliza kwanza michezo miwili au mitatu ya siku 3 kwa hatua. Kisha, kabla ya kujiunga na mashindano yoyote, soma mambo matatu: siku ngapi kwa hatua, michezo mingapi kwa mpigo, na sheria yao kuhusu kompyuta.