Picha nzito, jicho la haraka

Kati ya tarehe 14 na 18 Julai 1994, watu wapatao 850,000 walivuka mpaka kutoka Gisenyi, Rwanda, na kuingia Goma, nchini Zaire (sasa Kongo). Kipindupindu kikazuka kambini, na wapiga picha wa dunia nzima wakamiminika. Maiti zilizoviringishwa kwenye mikeka na kulazwa kando ya barabara zikatawala kurasa za mbele za magazeti ya Ulaya na Marekani, na ndege za misaada zikaanza kutua. Lakini miezi mitatu iliyotangulia, Watutsi walipokuwa wakiuawa Rwanda nzima, kamera zilikuwa za kuhesabu. Waandishi wengi wa kigeni waliondoka mwezi Aprili pamoja na raia wa nchi zao, na wengine walikuwa Afrika Kusini wakifuatilia uchaguzi uliomweka Mandela madarakani. Mtu wa mbali akaona kilio cha Goma bila kuona chanzo chake. Hakujua kwamba ndani ya umati ule walikuwamo askari na wanamgambo wa Interahamwe waliotoka kuua, pamoja na wakubwa wa serikali ya Rwanda ya wakati huo, iliyokuwa imekimbilia Gisenyi. Picha zenyewe hazikudanganya: wagonjwa walikuwa wagonjwa kweli, na kati ya waliokufa, wapatao 50,000, walikuwamo watoto wasiojua lolote. Kilichokosekana ni habari ya kilichotangulia, na kukosekana kwake kuligharimu. Misaada iliyoletwa na huruma ililisha pia kambi zilizokuwa mikononi mwa wauaji, hata tawi la Ufaransa la shirika la madaktari la Médecins Sans Frontières likajiondoa kambini Novemba mwaka huohuo.

Na huyo mtu wa mbali aliyepotoshwa alikuwa na gazeti zima mkononi, maelezo yakiwa chini ya picha na habari ndefu pembeni yake. Msomaji wa leo hana hata hayo. Picha ya vita inamfikia akiwa kazini, kwenye kundi la WhatsApp, ikiwa imekatwa pembeni, haina jina la mpiga picha wala tarehe. Gloria Mark, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amepima kwa miaka mingi namna watu wanavyofanya kazi mbele ya skrini. Mwaka 2004 mtu alikaa kwenye skrini moja kwa wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia nyingine. Miaka ya karibuni wastani huo umeshuka hadi sekunde 47. Kwa kawaida usumbufu huu wa skrini hujadiliwa kama hasara ya mwajiri: saa zilizopotea, hesabu zilizokosewa. Nadhani hiyo ni nusu ya hasara. Nusu ya pili inaiangukia habari yenyewe. Picha nzito ikitazamwa kwa sekunde chache, inabaki na uwezo wake wote wa kutia hofu na hasira, huku ikiwa imepoteza uwezo wa kufahamisha.

Mfikirie karani wa duka karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Gisenyi na Goma kinachovukwa na wafanyabiashara wadogo kwa maelfu kila siku. Anahesabu faranga za mteja, simu inawaka: moshi juu ya nyumba, watu wanakimbia na magodoro kichwani. Ni Goma ya Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 na makombora yakavuka mpaka yakaua watu Rubavu, wilaya ya Gisenyi, au ni Goma ya 2012, M23 walipouteka mara ya kwanza? Magodoro hayasemi. Karani anairusha picha kwa watu watatu, anarudi kwenye noti na kuanza kuhesabu upya. Kazi imekatika, na habari hajaipata.

Atakayepinga atasema kwamba kwa watu wa Gisenyi simu ndiyo kazi. Mpaka ukifungwa, kama ilivyokuwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, au volkano ya Nyiragongo ikilipuka kama Mei 2021, anayechelewa kujua anapoteza mzigo, pengine na maisha. Ni kweli, na ndiyo maana kunyang'anya wafanyakazi simu katika mji kama huu ni upuuzi. Ila muuza nyanya anachohitaji ni kujua kama kizuizi kiko wazi saa hii. Picha isiyo na tarehe haimjibu. Inamrudisha nyumbani na nyanya zake bure.

Wengine watamtaja Mohamed Amin, Mkenya aliyepiga picha za njaa ya Korem, Ethiopia, Oktoba 1984. Je, hazikuwagusa watu papo hapo na kuokoa roho nyingi? Ziliwagusa. Lakini BBC ilizirusha kwa takriban dakika saba, zikiwa na simulizi ya Michael Buerk iliyoeleza ni wapi na ni nini kinatokea. Watazamaji walikaa wakasikiliza hadi mwisho, na michango ikafuata.

Kwa hiyo maofisini na madukani Rubavu, mwajiri awape watu wake muda unaojulikana wa kusoma habari kwa utulivu, saa ya chakula kwa mfano, badala ya kujifanya haoni simu zikichunguliwa chini ya meza. Na wahariri, wa magazeti na wa kurasa za mitandaoni, wasitoe picha ya mpaka huu bila tarehe, mahali na jina la aliyeipiga. Kimoja kikikosekana, picha hiyo isubiri.