Fahamu: Mkono wa mtoto mchanga ukilegea, mzazi wa Kilwa aanzie wapi?
Mabega ya mtoto yakikwama wakati wa kuzaliwa, mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi inaweza kuvutika, hata kukatika. Mkono hulala ubavuni, haujikunji. Si uchawi, wala si kosa la mama.

Wengi hupona katika miezi ya mwanzo, mradi viungo visikakamae. Daktari akishahakikisha hakuna mfupa uliovunjika, mtaalamu wa mazoezi tiba humfundisha mzazi kukunja na kunyoosha bega, kiwiko na vidole taratibu, kila siku, nyumbani. Kumvuta mtoto mkono kwa nguvu ili "urudi" ni kumuumiza zaidi, hata kama anayevuta ni bibi mwenye nia njema. Miezi mitatu ikifika na kiwiko hakijikunji, aonwe na daktari bingwa. Upasuaji wa mishipa hiyo una muda wake.

Tatizo jingine ni la mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa akapata mtindio wa ubongo: huyo huhitaji msaada wa miaka wa kukaa, kumeza na kusema.

Anzia kliniki ya mtoto, uombe rufaa kwenda Hospitali ya Sokoine, Lindi, au hospitali za CCBRT au Muhimbili, Dar es Salaam. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar ni takriban kilomita 300, na nauli inauma. Kwa hiyo, siku ya kwanza utakapofika hospitalini, omba uonyeshwe mazoezi yote ya nyumbani.