Rangi, Ladha na Harufu: Na Bahari Je?

Sisi tuliosomea chuoni katika Mji wa Kale wa Mombasa hatuwezi kuusahau mlango wa maji. Maalim wetu alikuwa akikaa mkekani, kitabu cha Safina mkononi, akitufahamisha kuwa maji ni ya namna mbili, machache na mengi. Machache ni yale yasiyofika kulatein, ambayo kwa vipimo vya leo ni kama lita 200. Hayo yakiingiwa na najisi huharibika papo hapo. Ama mengi, hayo hayaharibiki mpaka rangi yake ibadilike, au ladha yake, au harufu yake. Nasi tukiitikia kwa sauti moja: rangi, ladha, harufu!

Siku moja mwenzetu mtundu aliuliza, "Na bahari je, maalim?" Maalim alicheka. "Bahari? Nani wa kuibadilisha bahari?" Tukaridhika, tukaendelea na somo.

Swali lile limenirudia mwaka huu, nami si mtoto tena.

Mpwa wangu anasomea elimu ya bahari katika chuo kikuu kimoja. Alipokuja likizo alinitaka twende hori la Tudor akachukue maji ya kupima. Tulifika bahari imekupwa. Kabla hatujaona maji tuliyanusa. Mfereji mmoja ulikuwa ukimwaga uchafu wa vyooni moja kwa moja kwenye mikoko, na matope pale yalikuwa meusi kama lami. Hapakuwa na haja ya kipimo. Alama mbili kati ya zile tatu zilikuwa wazi, na ya tatu hatukutaka kuijaribu.

Tulimkuta bibi mmoja anapita na kapu lake na kishoka. Tulipomwamkia alituambia kuwa zamani akivunja chaza pale pale, kwenye mizizi ya mikoko. "Sasa naenda mbali, mwanangu," alisema. "Wanunuzi huniuliza kwanza, bibi, chaza hizi umezitoa wapi? Nikiwaambia hapa, huondoka." Kisha akashika njia yake, na ilikuwa bado ndefu.

Jioni ile, nyumbani, mpwa wangu aliomba ndimu. Alichukua kauri iliyokaa kabatini miaka mingi, akaikamulia maji ya ndimu. Mara yakatoka mapovu madogo madogo. "Mjomba, unaona? Gamba ni chokaa. Chokaa na ukali havipatani."

Nikamwambia kuwa bahari haina ndimu ndani yake. Akanieleza kwa utulivu, nami nawaeleza nilivyoelewa.

Tangu watu walipoanza kuchoma makaa ya mawe, na baadaye mafuta, ili kuendesha viwanda, meli na magari, hewa ya kaboni imezidi angani. Katika hewa hiyo tunayoitoa, bahari hunywa kama robo. Ikishaingia majini hugeuka kuwa tindikali hafifu. Wataalamu hupima ukali kwa kipimo kiitwacho pH, na kwa kipimo hicho maji ya juu ya bahari za dunia yameshuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1. Usiidharau tofauti hiyo. Kila hatua moja nzima ya kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo hata hiyo sehemu ndogo ina maana kwamba ukali umeongezeka kwa zaidi ya robo. Maji ya bahari bado yako upande wa magadi. Hayajawa siki, wala anayeoga hatawashwa. Lakini mnyama anayejijengea gamba hupungukiwa na vifaa vya ujenzi. Hulazimika kutumia nguvu nyingi zaidi kwa nyumba ile ile, na aliye mchanga kabisa ndiye anayeumia kwanza. Kati ya mwaka 2005 na 2009, vituo vya kuzalisha chaza katika pwani ya magharibi ya Marekani vilipoteza vichanga wengi mno, na baadaye ikaonekana kuwa ukali wa maji ulikuwa na mkono katika vifo hivyo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka maalim. Mabadiliko haya hayana rangi. Hayana ladha. Hayana harufu. Bahari imebadilika, na alama zetu tatu zote zimenyamaza.

Labda msomaji atasema kuwa hayo ni ya chaza na wanyama wadogo, sisi yanatuhusu nini? Na atazame ukuta wa nyumba yake ya kale. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe na kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo. Misikiti ya Gedi na Jumba la Mtwana, ambayo leo ni magofu, ilijengwa kwa vitu vilivyofanywa na wanyama wa bahari. La ajabu ni kwamba tanuu la chokaa, linapochoma jiwe, hulitoa hewa hiyo hiyo ya kaboni, na lipu ikishapakwa ukutani huinywa tena polepole, ikawa ngumu. Ukuta ukiinywa huimarika. Tumbawe bahari ikiinywa hudhoofika.

Na matumbawe yangali yanatufanyia kazi. Mwamba ulio mbele ya Nyali, Bamburi na Diani ndio unaovunja mawimbi makubwa kabla hayajafika ufuoni, na ndio maskani ya samaki tunaowala. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa. Lile lilikuwa joto, si ukali. Lakini aliyebomokewa na nyumba anahitaji mawe na chokaa ajenge tena, na ukali ndio unaovipunguza hivyo.

Nilimwambia mpwa wangu, "Basi hatuna dhambi. Wenye viwanda vikubwa wako ng'ambo." Alikubali kuwa sehemu kubwa ya hewa hiyo si yetu. Kisha akaniambia jambo lililoninyamazisha. Uchafu wa vyooni ukioza majini, nao hutoa hewa ya kaboni, na katika hori ambamo maji hayaendi mbio, ukali huzidi hapo hapo. Ya ng'ambo hutufikia polepole. Ya kwetu tunajiongezea wenyewe. Akauliza, "Mjomba, na shimo la nyumba hii je?"

Msomaji, sitaficha. Shimo letu hufurika kila masika, na maji yake hushika mtaro, na mtaro hushuka pwani. Nilikuwa nikilijua hilo kwa miaka.

Siku ya pili niliita gari la kunyonya maji machafu. Nilimuuliza dereva atakwenda kumwaga wapi. Akajibu, "Mzee, hilo niachie mimi." Nikasisitiza. Akasema kuna bei ya kufika kwenye mtambo wa kusafishia, na kuna bei ya karibu. Nilimlipa ile ya juu, nikapanda naye mbele mpaka nilipoona kwa macho yangu anamwaga panapostahili. Majirani walinicheka.

Nao wacheke. Yapo yaliyokwisha kufanyika na yanatia moyo. Makupa, ambako kwa miaka mingi barabara ya kifusi ilizuia maji yasipite, kuna daraja tangu mwaka 2022, na maji yanapita chini yake. Gazi, huko Kwale, wanakijiji wanalinda mikoko yao chini ya mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013. Wanalipwa kwa hewa ya kaboni ambayo miti hiyo huihifadhi, na fedha zimesaidia maji na shule. Watu wale hawakungoja wenye viwanda watubu kwanza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na safari hii hata vifaa vya kujengea ukuta vinapungua. Rai yangu kwa kamati za misikiti na wenye nyumba wa mitaa yetu ni ndogo: kila mmoja ajue shimo lake linakwenda wapi. Tunachuja maji ya udhu kwa uangalifu mkubwa, kisha tunayasahau yakishatoka mlangoni.

Maalim wetu alikwisha kutangulia mbele ya haki, Mola amrehemu. Lau angekuwapo ningemwendea na ile kauri, nikamjibu swali lake. Sisi, maalim. Ni sisi tulioibadilisha.