Kidirisha kimoja, maswali mengi katika programu za simu

KILA mtumiaji wa simu ya kisasa anakifahamu kidirisha kidogo kinachojitokeza ghafla katikati ya kioo na kumuuliza: “Una hakika?” Chini yake huwapo vitufe viwili, “Sawa” na “Ghairi”. Wengi hubonyeza bila kusoma. Hata hivyo, swali hilo ndilo kizuizi cha mwisho kati ya mtu na kosa, kama vile kutuma fedha kwa namba isiyo sahihi au kufuta picha ambazo hatazipata tena.

Kwa watengenezaji wa programu, kidirisha hicho si jambo dogo. Tuchukue mfano wa programu ya kutuma fedha. Mtumiaji huulizwa anapotuma, anapolipia umeme, anaponunua muda wa maongezi na anapofunga akaunti. Mtengenezaji akiandika kidirisha upya kwa kila ukurasa, atakuwa na vidirisha vinne vinavyofanana kwa sura lakini si kwa tabia. Ikigundulika kwamba kubonyeza mara mbili kwa haraka hutuma fedha mara mbili, italazimu kasoro hiyo irekebishwe katika kurasa zote nne. Ukisahauliwa mmoja, mteja ndiye atakayeumia.

Dawa yake ni kukiandika kidirisha mara moja tu, kikakaa peke yake, na kila ukurasa ukakiita unapokihitaji. Ukurasa hukikabidhi mambo matatu: kichwa, swali lenyewe na maneno ya vitufe. Nacho hurudisha jibu moja, kwamba mtumiaji amekubali au amekataa. Kidirisha hakitumi fedha wala hakifuti picha. Kazi hiyo hubaki kwa ukurasa uliokiita. Mgawanyo huo wa majukumu ndio unaokiwezesha kutumika popote.

Kwa upande wa simu za Android, toleo la 3.0 la mwaka 2011 lilileta nyenzo iitwayo DialogFragment kwa ajili ya kazi hiyo. Simu inapogeuzwa kutoka wima kwenda ulalo, kwa kawaida mfumo huuvunja ukurasa na kuujenga upya, na kidirisha kilichofunguliwa kiholela hutoweka pamoja nao. Kilichojengwa kwa DialogFragment hurejeshwa na mfumo wenyewe, mradi maneno yake yamewekwa katika kifurushi ambacho mfumo hukihifadhi.

Pamoja na faida hizo, ipo hatari moja: kidirisha kimoja kisigeuke kuwa swali moja kwa kila jambo. Tarehe 13 Januari 2018, wakazi wa jimbo la Hawaii, Marekani, walipokea katika simu zao tahadhari ya kombora ambalo halikuwapo. Kompyuta ilikuwa imemtaka mfanyakazi athibitishe kabla ya kutuma, naye akathibitisha. Ilichukua dakika 38 kwa ujumbe wa kusahihisha kosa hilo kufika katika simu. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini uchunguzi wa Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ulibaini kwamba maneno ya uthibitisho yalikuwa yale yale, iwe ni jaribio au tahadhari ya kweli.

Hivyo basi, umbo la kidirisha na liwe moja, lakini swali litokane na jambo linalotendeka. “Una hakika?” halimwambii mtu lolote. “Tuma shilingi 50,000 kwa namba hii?”, namba yenyewe ikionekana, humfanya asite na kusoma. Vitufe navyo viseme kitendo: “Tuma” ni bora kuliko “Sawa”.

Aidha, kidirisha kisiitwe ovyo. Jambo linaloweza kurudishwa lilivyokuwa halihitaji swali; linatosha kuwekewa kitufe cha kutendua. Mtu anayeulizwa kila mara huzoea kukubali, na siku ya hatari atakubali vilevile.